Wanavuka Saa Ngapi?

Mteja ameuliza tena: wanavuka saa ngapi?
Ni ujumbe wake wa nne wiki hii.
Anataka siku, anataka saa, ikiwezekana dakika,
kwa kuwa mkewe hulala mchana
na ndege ya kurudi haingoji mtu.

Mimi niko Nakuru, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mabati na misumari.
Nawapangia safari watu ambao sura zao sizijui,
ila najua nani hukoroma, nani hali mayai.

Mpaka hapa tumekubaliana:
hema lenye sakafu ya mbao, bafu la shaba,
maziwa ya lozi, yafike yakiwa baridi,
mito minne kila kitanda, miwili laini, miwili migumu,
dereva asiyesema sana lakini ajue majina ya ndege.
Nimempa Parmuat.
Parmuat anajua kunyamaza katika lugha nne.

Limebaki hili la nyumbu.

Mara ya kwanza nilijibu kwa adabu ya ofisi:
Mheshimiwa, wanyama hufuata mvua.
Akauliza: na mvua hunyesha saa ngapi?

Nikampigia Parmuat. Simu inakatika, inarudi.
Anasema wako ukingoni tangu juzi,
maelfu, wamesimama tu, wanakula vumbi,
wa mbele anaogopa maji, wa nyuma anasukuma,
halafu pundamilia mmoja anakohoa
na umati mzima unageuka ulikotoka.
"Mwandikie hivyo," anasema,
"kwamba ruhusa inatolewa na pundamilia."

Siwezi. Bi. Pushpa, mwenye kampuni,
ametufundisha: mteja hapewi hapana, hupewa huenda.

Bei ya usiku mmoja nimeipiga kwenye kikokotoo.
Ni karo ya Jelagat ya mwaka mzima,
na godoro la bweni, na sanduku la bati.
Sikasiriki. Hesabu ni hesabu,
tena kile kiasilimia changu ndicho viatu vyake.

Mto wenyewe sijawahi kuuona.
Mito niijuayo mimi ni ya kulalia.
Naijua safari hii kama mpishi anavyoijua harusi:
vigelegele navisikia kupitia mlango wa jikoni.

Lakini kuhama nakujua.
Nilipokuwa darasa la tatu, heroe walijaa ziwani
hadi ukingo ukawa kama leso inayochuja rangi.
Baba alikuwa mlinda lango. Aliwaita "wapangaji wangu."
Kisha maji yakaanza kupanda, polepole, bila ugomvi,
yakaua migunga ikiwa imesimama,
yakala barabara, yakala lango,
yakachukua kibanda cha baba na daftari la wageni.
Asubuhi moja wapangaji hawapo.
Hawakuaga. Hakuna aliyetutajia saa.
Baba akaingia hadi magotini,
akahesabu kumi na wanne,
akahesabu upya, kumi na mmoja,
akarudi nyumbani akaomba chai.

Chini, wanakata mabati. Mlio unapanda ngazi
na kutetemesha kikombe changu cha kalamu.
Nafungua ratiba ya mteja, ukurasa wa tatu.
Siku ya kwanza: kuwasili, kinywaji baridi, machweo.
Siku ya pili: simba, iwapo wataamka.
Siku ya tatu nafuta yote niliyoandika,
kijiji cha utamaduni, puto la alfajiri, kukandwa miguu,
naandika neno moja: Kungoja.
Siku ya nne pia: Kungoja.
Kiti, kivuli, darubini, maji ya kunywa.

Natuma kabla Bi. Pushpa hajarudi kutoka benki.

Jibu linaingia hata chai haijapoa.
Anauliza kama kungoja kumejumuishwa kwenye bei.

Naandika: ndiyo,
pamoja na ushuru.